Kuhamisha Mafaili ya Tovuti Kati ya Kompyuta na Seva Ukiwa Kigoma: Mwongozo Kamili

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa mtu mwenye intaneti isiyoyumba. Ukiwa Mwanga, Ujiji au Kasulu, kazi hiyohiyo mara nyingi unaifanya kwa hotspoti ya simu, bando likihesabika, na umeme unaweza kukatika faili likiwa nusu njiani. Faili lililofika nusu ni hatari kuliko lisilofika kabisa, kwa sababu seva italisoma hivyohivyo na tovuti nzima inaweza kugeuka ukurasa mweupe. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepangwa kwa kujua kwamba mtandao utakatika, na ukikatika, tovuti iliyo hewani isiguswe.

Mfano wetu ni tovuti ya nyumba ya wageni kando ya Ziwa Tanganyika inayopeleka watalii Gombe kwa boti. Ina kurasa chache, picha nyingi na fomu ya kuweka nafasi. Domeni yake tuiite mfano.co.tz.

Taarifa za kuomba kwa kampuni inayokuhifadhia tovuti

Omba vitu vitano: anwani ya seva, jina la mtumiaji, nywila, namba ya poti (mlango wa seva unaoingilia), na jina la folda ambamo tovuti inakaa. Kwenye seva zenye cPanel, yaani programu ya kusimamia seva kwa kivinjari, folda hiyo huitwa public_html. Kwingine utakuta httpdocs, htdocs au www.

Kuhusu anwani, usikimbilie kuandika domeni yako. Kama domeni haijaelekezwa kwenye seva mpya, au inapita kwenye huduma inayokaa kati ya wageni na seva kama Cloudflare, ukiandika mfano.co.tz hutafika kwenye seva yenyewe, na utakaa unabadilisha nywila ambayo haina kosa. Tumia namba ya IP au jina halisi la seva uliloandikiwa kwenye barua pepe ya kukukaribisha.

Namba ya poti inafuata njia utakayotumia. FTP ya kawaida, yaani utaratibu wa zamani wa kuhamisha mafaili mtandaoni, ni poti 21. Utaratibu huo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, na toleo ambalo ndilo msingi hadi leo ni la 1985, wakati usalama haukuwa hoja kubwa. Nywila yako inapita mtandaoni ikiwa wazi, na yeyote anayesikiliza Wi-Fi ya hoteli au ya kafe anaweza kuisoma. Usiitumie. Tumia SFTP, inayoficha mazungumzo yote, poti 22, ingawa baadhi ya kampuni huibadilisha namba hiyo, hivyo uliza. Kama hawana SFTP, omba FTPS: hubaki poti 21 ila mazungumzo yamefichwa, na aina yake nyingine hutumia poti 990.

SFTP ina faida nyingine kwa anayetumia simu. FTP huhitaji njia mbili, moja ya maagizo na nyingine ya mafaili, na njia hiyo ya pili hufunguliwa upya kwa kila faili. SFTP hupitisha vyote kwenye njia moja. Mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kwa hiyo seva ikijaribu kurudi kwako kufungua njia ya pili haikupati. Ndiyo sababu FTP ikiwa katika hali ya "Active" hukwama kwenye hotspoti hata kama nywila ni sahihi. Ukilazimika kutumia FTP au FTPS, chagua "Passive", ambapo kompyuta yako ndiyo inayofungua njia zote mbili.

Programu na mpangilio wake

FileZilla ni ya bure na inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, hivyo ndiyo tutakayoifuata. Wenye Windows wanaweza kutumia WinSCP, nayo ni nzuri. Ipakue kwenye tovuti yake rasmi, filezilla-project.org, na wakati wa kuisakinisha soma kila dirisha, kwa sababu toleo la Windows linaweza kuja na ofa za programu nyingine. Zikatae.

Kabla hujaunganisha, fungua Edit, kisha Settings, ubadilishe haya:

Kwenye Connection, muda wa kusubiri huja ukiwa sekunde 20. Weka 60. Idadi ya kujaribu tena huja ikiwa 2. Weka 10, na nafasi kati ya jaribio na jaribio iwe sekunde 15. Mtandao ukiyumba dakika moja, programu itavumilia badala ya kukata tamaa.

Kwenye Transfers, mafaili yanayohamishwa kwa wakati mmoja yaache 2. Mtandao ukiwa dhaifu weka 1. Wapo wanaoshauri 10 ili kuongeza kasi. Kwa laini nyembamba ushauri huo ni mbaya, maana mtandao ukikatika utabaki na mafaili 10 nusunusu badala ya moja, na seva nyingi hazikubali miunganisho mingi kutoka kwa mtu mmoja.

Kwenye File Types, ndani ya Transfers, chagua Binary badala ya Auto. Auto inaweza kubadilisha alama za mwisho wa mstari ndani ya mafaili ya maandishi, ukubwa wa faili ukabadilika, na ulinganishaji wa baadaye ukawa hauna maana.

Kwenye Interface, sehemu ya Passwords, chagua nywila zilindwe na nywila kuu. Bila hivyo FileZilla huziweka kwenye faili liitwalo sitemanager.xml, na kirusi au mtu yeyote atakayeshika kompyuta yako huzisoma kirahisi. Kama kompyuta ni ya kuazima au ya kafe, usihifadhi nywila kabisa.

Sasa nenda File, kisha Site Manager, bonyeza New site, chagua SFTP, jaza Host, Port, User na Password, halafu Connect. Mara ya kwanza itakuonyesha alama ya utambulisho ya seva na kuuliza kama unaiamini. Ilinganishe na iliyo kwenye maelezo ya kampuni kama wameitoa, kisha kubali. Siku nyingine ikisema alama imebadilika, simama. Huenda seva imebadilishwa, au kuna mtu amejiweka katikati. Waulize kwanza kabla ya kubonyeza chochote.

Kuandaa mafaili

Hapa ndipo bando linapookolewa, na wengi wanaruka hatua hii.

Picha moja ya sokwe wa Gombe kutoka kamera nzuri inaweza kuwa na upana wa pikseli 6000 na uzito wa MB 8. Picha 40 za namna hiyo ni MB 320. Laini inayopakia kwa Mbps 1 hubeba KB 125 kwa sekunde, kwa hiyo picha hizo zitachukua dakika zipatazo 43 kama hakuna kilichokatika. Zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1600, na kila moja itashuka hadi karibu KB 300. Zote 40 sasa ni MB 12, kazi ya dakika moja na nusu hivi. Na mgeni atakayefungua tovuti kwa simu naye ataokoa bando lake.

Kisha majina. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo, lakini seva nyingi zinatumia Linux, nayo inatofautisha. Ukurasa ukiita mgebuka.jpg na faili likaitwa Mgebuka.JPG, kwenye kompyuta yako picha itaonekana vizuri na kwenye seva haitaonekana. Andika majina yote kwa herufi ndogo, tumia kistari badala ya nafasi, na epuka ritifaa: faili liitwe ngambo-ya-ziwa.jpg, si ng'ambo ya ziwa.jpg. Ukurasa wa mwanzo uitwe index.html au index.php, kwa herufi ndogo zote.

Nakala kwanza

Kama tayari kuna tovuti kwenye seva, ishushe kabla ya kupandisha chochote. Ingia cPanel, fungua File Manager, nenda Settings uweke alama kwenye "Show Hidden Files", maana faili la .htaccess, lenye maagizo ya seva kuhusu kurasa za tovuti, lina nukta mbele na hufichwa. Bila hilo, tovuti uliyoirudisha itafungua ukurasa wa mwanzo tu na kurasa nyingine zitaleta kosa la 404. Bofya public_html, chagua Compress, kisha Zip Archive. Lipakue faili hilo moja kwa FileZilla: upande wa kulia ni seva, wa kushoto ni kompyuta yako.

Kama tovuti ni ya WordPress au mfumo mwingine wenye hifadhidata, mafaili peke yake ni nusu ya nakala. Makala, maoni na mipangilio vimo kwenye hifadhidata, ambayo FTP wala SFTP haiigusi. Ingia phpMyAdmin, programu ya kusimamia hifadhidata, chagua hifadhidata yako, bonyeza Export, uombe ibanwe kwa gzip. Nakala ya mafaili na ya hifadhidata zichukuliwe siku moja ili zilingane.

Kupakia tovuti nzima: tumia zipu

WordPress peke yake ina maelfu ya mafaili madogo. Kwa kila faili, kompyuta na seva huulizana na kujibiana mara kadhaa, na kama seva iko Ulaya kila swali na jibu linasafiri mbali. Muda mwingi unakwenda kwenye kusubiri. Ni kama kupakua dagaa kutoka mtumbwini Kibirizi mmojammoja wakati gunia lipo.

1. Fungua folda ya tovuti kwenye kompyuta, chagua vilivyomo ndani yake, kisha ubane viwe tovuti.zip. Usibane folda yenyewe, la sivyo tovuti itaishia kwenye mfano.co.tz/tovuti. Kwenye Mac, bonyeza Command, Shift na nukta kwanza ili .htaccess ionekane.

2. Hesabu nafasi. Kwa muda utakuwa na tovuti ya zamani, zipu, na tovuti mpya kwa pamoja. Tovuti ya MB 500 inahitaji kama GB 1 ya ziada. Angalia pia idadi ya mafaili unayoruhusiwa, kwani kampuni nyingi huweka kikomo hata kama nafasi ya diski ipo.

3. Pakia tovuti.zip nje ya public_html, yaani folda moja juu yake. Zipu iliyo ndani ya public_html inaweza kupakuliwa na mtu yeyote anayebahatisha jina lake, pamoja na nywila za hifadhidata zilizomo.

4. Mtandao ukikatika, usianze upya. Fungua kichupo cha "Failed transfers", bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Reset and requeue selected files", anzisha foleni, na ukiulizwa chagua Resume. Itaendelea pale ilipoishia. Sharti ni moja: zipu ya kwenye kompyuta iwe ileile. Ukiwa umeitengeneza upya katikati, Resume itaunganisha kichwa cha zamani na mkia mpya, na faili litakuwa bovu. Hapo chagua Overwrite.

5. Hakiki kabla ya kufungua. Linganisha ukubwa kwa baiti pande zote mbili. Kama una ruhusa ya kuandika amri kwenye seva, fanya uhakiki wa kweli. Kwenye Windows:

certutil -hashfile tovuti.zip SHA256

Kwenye seva:

sha256sum tovuti.zip

Mistari miwili ya herufi na tarakimu ifanane yote. Herufi moja ikitofautiana, zipu haikufika salama. Kama huna ruhusa hiyo, ukubwa ulingane hadi baiti ya mwisho. Usiridhike na "MB 212" pande zote mbili.

6. Ifungue zipu kwa Extract kwenye File Manager, ndani ya folda mpya, tuseme tovuti_mpya. Angalia kama kila kitu kimo. Futa folda ya __MACOSX ikiwa umetumia Mac.

7. Sasa badilisha. Tengeneza folda iitwayo zamani nje ya public_html, hamishia humo vilivyomo public_html, kisha hamisha vilivyomo tovuti_mpya viingie public_html. Yote hayo yanafanyika ndani ya seva, kwa hiyo yanachukua sekunde chache hata mtandao wako ukiwa wa polepole. Kuwa makini na folda za domeni ndogo na ile ya .well-known (hutumika kuhakiki cheti cha usalama) zilizomo public_html. Ziache mahali pake. Mambo yakiharibika, vya zamani vipo, unavirudisha.

Kubadilisha mafaili machache

Kwa faili moja au mawili zipu haina haja, lakini mpangilio una maana. Pakia picha kwanza, kisha mafaili ya CSS na JavaScript, na mwisho kabisa kurasa za HTML au PHP. Ukianza na kurasa, mgeni atakayeingia katikati ataona ukurasa unaoita picha ambazo bado hazijafika.

Faili la PHP usiliandike juu ya lililo hewani moja kwa moja. Lipakie kwa jina la muda, mfano nafasi-mpya.php, linganisha ukubwa, kisha badilisha majina: nafasi.php iwe nafasi-zamani.php, na nafasi-mpya.php iwe nafasi.php. Kubadilisha jina hutokea papo hapo. Kupakia huchukua muda, na PHP iliyokatwa katikati huleta kosa la 500. Ila faili la mipangilio kama wp-config.php lisiachwe kamwe kwa jina kama wp-config.php.bak au wp-config.txt: seva huona si PHP tena, na humwonyesha yeyote nywila zako kama maandishi ya kawaida.

Usihariri faili ndani ya FileZilla ukaacha halijarudi. Ukibofya "View/Edit", programu hupakua nakala ya muda na kuuliza kama irudishe kila unapohifadhi. Mtandao ukiwa umekatika wakati huo, mabadiliko yanabaki kwenye folda ya muda na unaweza kuyapoteza ukifunga programu.

Wenye ruhusa ya SSH: rsync

Kama kampuni inakupa SSH, yaani njia salama ya kuandika amri kwenye seva, programu ya rsync ndiyo inayofaa zaidi kwa mtandao wetu, kwa sababu hutuma kilichobadilika tu na huendelea ilipokatikia. Kwenye Windows utaipata kupitia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows.

rsync -avz --progress --partial-dir=.rsync-partial -n ./tovuti/ jina@seva:public_html/

Herufi n inafanya ijaribu bila kugusa kitu, na kukuonyesha itakachofanya. Soma orodha yote, ukiridhika iondoe n uendeshe tena. Mkwaju ulio baada ya tovuti/ ni wa lazima: ukiusahau, itapeleka folda yenyewe badala ya vilivyomo. Usiweke --delete mpaka uwe na nakala, kwani hufuta kwenye seva kila kisichokuwepo kwenye kompyuta yako, zikiwemo picha ambazo mwenye tovuti alizipakia mwenyewe.

Makosa na sababu zake

530: jina au nywila si sahihi. Mara nyingi ni nafasi iliyonakiliwa pamoja na nywila, au jina linalotakiwa kuandikwa kwa ukamilifu, mfano boti@mfano.co.tz. Usijaribu mara nyingi. Seva hufunga IP inayokosea mara kwa mara, na kwenye mtandao wa simu IP hiyo mnaitumia wengi. Ikifungwa, kila jaribio litaishia "timed out" hata nywila ikiwa sahihi. Zima data ya simu kidogo na uwashe tena, huenda ukapata IP nyingine, au waombe waifungue.

"Failed to retrieve directory listing" au 425: umeingia ila njia ya pili ya FTP imezuiwa. Badilisha iwe Passive, au hamia SFTP.

421: miunganisho imezidi. Punguza ibaki 1.

550: faili halipo au huna ruhusa. 552: nafasi imejaa, na hapo faili la mwisho lililopakiwa lihesabu kuwa bovu.

Ukurasa unaleta 403: ama hakuna faili la index, ama ruhusa si sahihi. Folda ziwe 755 na mafaili 644. Kwenye FileZilla bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "File permissions", weka namba, na ukiingia folda za ndani chagua kwanza folda tu kwa 755, kisha rudia mafaili tu kwa 644. Usiweke 777 hata ukishauriwa. Inampa kila mtu ndani ya seva ruhusa ya kuandika, na seva nyingine hukataa kuendesha PHP yenye ruhusa hiyo.

FileZilla inarudia kupakia mafaili ambayo hayajabadilika: kwenye FTP saa za seva zinaweza kuwa za UTC, nasi tuko saa 3 mbele. Rekebisha kwenye Site Manager, kichupo cha Advanced, palipoandikwa "Adjust server time".

Kumalizia kazi

Kwenye menyu ya View washa "Directory comparison", uchague kulinganisha ukubwa. Njano ni faili lililopo upande mmoja tu, nyekundu ni ukubwa usiofanana. Pita folda baada ya folda. Kisha fungua tovuti kwenye dirisha la faragha la kivinjari, na tena kwa simu isiyo kwenye hotspoti hiyo, ili usidanganywe na kurasa zilizohifadhiwa. Jaribu fomu ya kuweka nafasi hadi barua pepe ifike.

Futa tovuti.zip kwenye seva. Folda ya zamani iache kama wiki moja, kisha nayo ifute, kwa sababu programu zilizomo hazisasishwi tena na zinakula nafasi. Kama uliwahi kutengenezewa akaunti ya muda ya fundi, ifute siku hiyohiyo, ubadilishe na nywila ya akaunti kuu.